Juu ya Kuchagua Sifa za Kiingereza, na Upungufu wa Kamusi Zetu

Neno la sifa, ambalo siku hizi wanasarufi huliita kivumishi, ni neno dogo. Walakini ndilo neno ambalo kwalo twawahukumu watu na vitu. Jina hutaja, na kitendo husimulia. Lakini sifa hutoa hukumu, kwamba mtu huyu ni mwema na kazi ile ni mbovu. Kwa hiyo mwenye kukosea jina huchekwa tu, bali mwenye kukosea sifa aweza kumdhuru mwenziwe asijue. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilimdhuru ndugu wa mama yangu, nami nitaanza kwa kueleza habari hiyo.

Nilipokuwa kijana, mwanafunzi katika shule ya misheni, mjomba wangu alikuwa fundi seremala mjini Tanga. Akasikia kwamba bwana mmoja mgeni ataka fundi wa kumtengenezea milango na makabati, naye akaniomba nimwandikie barua ya Kiingereza, kwa maana katika ukoo wetu mimi ndiye niliyehesabiwa kuwa msomi. Nilitaka kusema kwamba mjomba ni mwerevu wa kazi, tena malipo yake ni rahisi. Nikafungua kamusi, nikatafuta -erevu, nikaona neno “cunning”. Sikuwa na shaka nalo, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuliona katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, likiwasifu mafundi wa ile hema katika kitabu cha Kutoka. Kwa neno rahisi nikaandika “cheap”. Basi barua ikasema kwamba mjomba wangu ni “a cunning and cheap workman”. Kwa Kiingereza cha leo maana yake ni fundi mjanja, tena duni. Yule bwana akaisoma, akacheka, akamrudishia mwenyewe barua yake. Na kazi akapewa mtu mwingine. Jioni mjomba akaniuliza, “Mwanangu, uliandika nini katika ile karatasi?” Sikuwa na la kumjibu, kwa maana sikujua kosa langu ni lipi.

Tangu siku hiyo nimefundisha Kiingereza miaka mingi, na sasa nafundisha hapa Chumbageni. Na kila mwaka nayaona makosa ya namna ile ile katika daftari za vijana. Wala si wavivu. Aghalabu aliyekosa ni yule aliyefanya bidii ya kufungua kamusi, na yule asiyeifungua ameandika “good” na “bad” tu, akasalimika. Jambo hili lilinifanya niulize swali ambalo ndilo shabaha ya maneno yangu haya: kama mwenye bidii ndiye anayekosa, je, kosa ni lake, au ni la kitabu tulichompa?

Tutazame kwanza jinsi kosa linavyozaliwa. Twaa sifa moja ya Kiswahili, -kali. Mswahili asema kisu kikali, mbwa mkali, mwalimu mkali, dawa kali, pilipili kali, ndimu kali, maumivu makali. Sifa ni moja, majina ni saba. Lakini Mwingereza kwa kisu husema “sharp”, kwa mbwa “fierce”, kwa mwalimu “strict”, kwa dawa “strong”, kwa pilipili “hot”, kwa ndimu “sour”, na kwa maumivu “severe”. Kijana aliyejifunza kwamba -kali ni “sharp” aliniandikia kuhusu mwalimu mmoja, “He is very sharp.” Alikuwa akinung’unika juu ya adhabu, lakini Mwingereza akisoma atafahamu kwamba mwalimu yule ni mwepesi wa akili. Lawama imegeuka kuwa sifa njema! Tena angalieni hatari yake: sentensi ile haina kosa hata moja la sarufi. Mwalimu asiyemwuliza mwandishi alitaka kusema nini ataipigia alama ya sahihi, na kosa litaendelea kuishi.

Twaa na sifa ya pili, -refu. Twasema mnazi mrefu, mlima mrefu, kamba ndefu, na kisima kirefu. Kwa Kiingereza mnazi ni “tall”, mlima ni “high”, kamba ni “long”, na kisima ni “deep”. Hapa Tanga tunapo mahali pa wavuvi panapoitwa Deep Sea, na kila mtoto hulijua jina hilo kabla ya kujua kusoma; walakini mtoto yuyo huyo, akitaka kueleza kwamba baba yake huvua katika maji marefu, ataandika “long water”. Neno alikuwa nalo mdomoni, ila hakuna aliyemwonyesha kwamba lile ndilo alilokuwa akilitafuta.

Sasa na tuzipime kamusi. Sitaki kuwavunjia heshima wale waliotutangulia, kwa maana bila wao tusingekuwa na mahali pa kuanzia. Edward Steere alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Johann Ludwig Krapf, aliyekaa Mombasa, kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka 1882. A. C. Madan akatoa ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894, na ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903. Ndipo Kamati ya Lugha ya nchi nne za Afrika ya Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ikamkabidhi Frederick Johnson kazi ya kuzitengeneza upya zile za Madan, nazo zikatoka mwaka 1939. Hizo ndizo walimu wengi wa zamani walizoziita kwa heshima “Kamusi ya Johnson”, na nyingine bado zipo katika makabati ya shule, majalada yamechakaa kwa kushikwa.

Kazi hizo ni kubwa. Lakini msomi yeyote atakayeuliza zilitungwa kwa ajili ya nani atapata jibu pasipo shida: mgeni aliyejua Kiingereza na aliyekuwa akijifunza Kiswahili. Mtu wa namna hiyo akikuta mbele ya -kali maneno sita au saba ya Kiingereza yamepangwa safu moja, yametengwa kwa mikato tu, hapati taabu. Kiingereza ni lugha ya mama yake. Kwa hiyo akisoma katika kitabu habari za mbwa mkali, yeye mwenyewe huokota lile lifaalo, asijue hata kwamba amechagua. Ukurasa uo huo ukipewa mtoto wa Chumbageni, ni habari nyingine. Yeye yu upande wa pili wa mto. Jina la Kiswahili analijua barabara, wala hakuhitaji kuelezwa. Alichohitaji ni kuchaguliwa kati ya yale saba, na kitabu kimemwachia mikato. Basi huchukua lile la kwanza, kwa kudhani kwamba lililotangulia ndilo bora.

Hapa ndipo nasema upungufu ulipo. Si kwamba maneno ya kamusi ni ya uongo. Kila moja ni kweli mahali pake. Upungufu ni kwamba mahali pake hapakutajwa. Hata Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipotoa Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili mwaka 1996, jambo lililotufurahisha sana sisi walimu, kamusi hiyo kwa asili yake huanza na neno la Kiingereza. Humsaidia anayesoma akakutana na neno asilolijua. Anayeandika ana haja nyingine: yeye huanza na maana iliyo moyoni, nayo imo katika Kiswahili.

Wengine hudhani dawa ni kumpa mtoto orodha ndefu za maneno yanayofanana, kama zile za kitabu mashuhuri cha Peter Mark Roget, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1852. Mimi sidhani. Orodha kama hiyo ni ukumbusho kwa mtu anayeyajua maneno yote ila amelisahau moja. Kwa asiyeyajua ni giza juu ya giza. Afadhali njia ya A. S. Hornby. Huyu alikuwa Mwingereza aliyefundisha nchini Japani, na kamusi yake, iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942 na kutolewa tena na Oxford mwaka 1948, aliitunga kwa ajili ya wageni wenye kujifunza, si kwa Waingereza. Yeye alijua kwamba mgeni hahitaji maana tu, bali ahitaji kuliona neno likiwa kazini ndani ya sentensi. Mwalimu aliyekaa na wanafunzi wageni alikuwa amesikia makosa yao kwa masikio yake.

Labda mtu atasema: Kiingereza ni lugha yenye maneno mengi kupita kiasi, nasi tufanyeje? Ni kweli kwamba baada ya Wanormani kuishika Uingereza mwaka 1066, maneno ya Kifaransa yaliingia kwa wingi juu ya yale ya wenyeji, na ya Kilatini yakaongezeka. Hata kwa jambo moja la kifalme wana “kingly”, “royal” na “regal”. Lakini sisi watu wa pwani si wageni wa hali hiyo. Hatukuambiwa na mtu kwamba maskini na fukara si sawasawa? Maskini aweza kuwa hata tajiri aliyefiwa, kwa kuwa twamwonea huruma. Bali fukara ni yule asiye na kitu kabisa. Tena tazama neno “old” la Kiingereza. Mwingereza analo moja kwa mambo mengi; sisi twasema mtu mzee, nguo kuukuu, desturi ya kale, na Mji Mkongwe wa Unguja. Mgeni ajifunzaye lugha yetu akisema “viatu vyangu ni vizee”, watoto wote wa mtaa huanguka kicheko. Wala hakuna hata mmoja wao aliyefundishwa darasani kwamba viatu havizeeki. Wamejifunza sifa pamoja na jina lake, tangu walipokuwa mgongoni kwa mama zao.

Hiyo ndiyo kanuni, nami naiweka mbele ya walimu wenzangu: sifa haijifunzwi peke yake, hujifunzwa pamoja na jirani yake. Mtoto wa Kiswahili anao uwezo huo tayari, katika lugha yake mwenyewe. Kazi ya mwalimu ni kumwamsha autumie katika lugha ya pili. Nimeona yafaa kumzoeza kujiuliza maswali manne kabla hajaandika sifa ya Kiingereza.

Swali la kwanza ni la jirani: neno hili hukaa na jina gani? Hili nimekwisha kulieleza.

Swali la pili ni la hukumu: neno hili lasifu au lalaumu? Hapa Maandiko yenyewe yatufundisha. Nyoka wa kitabu cha Mwanzo, katika tafsiri ya kale ya Kiyunani, na nyoka ambao Bwana aliwaambia wanafunzi wake wafanane nao katika Mathayo, wote wameelezwa kwa neno moja, “phronimos”. Waingereza wa mwaka 1611 walipofika kwa yule wa kwanza wakaandika “subtil”, na kwa wale wa pili “wise”. Nayo Biblia ya Kiswahili ya Muungano imesema mwerevu pale, na busara hapa. Wafasiri hao walitazama mahali, wakaona kwamba akili ya yule mmoja ni ya kudanganya, na ya wengine ni ya kujihifadhi. Tena hukumu ya neno hubadilika kwa zama. “Cunning” lilikuwa sifa njema kwa fundi wa mwaka 1611. Leo ni lawama. Na “cheap” si bei ndogo tu, bali huonyesha udhaifu wa kitu. Ningalimwandikia mjomba wangu kwamba yeye ni “skilful”, na kwamba malipo yake ni “moderate”, labda angalipata kazi ile.

Swali la tatu ni la mahali: sifa yakaa mbele ya jina au nyuma ya kitendo? Kwetu sifa hufuata jina, mtu mgonjwa, na maana haigeuki. Kwa Kiingereza mahali huweza kugeuza maana. “My late father” ni marehemu baba yangu. “My father is late” ni kwamba baba amechelewa. Hapa Afrika ya Mashariki tumezoea kusema “he is late” kwa mtu aliyefariki, nasi kwa sisi twafahamiana, wala simlaumu mtu kwa desturi iliyokwisha kuenea. Lakini kijana aandikaye maneno hayo kwa mgeni wa ng’ambo, akiomba msaada wa ada kwa kuwa ni yatima, ajue kwamba mgeni yule huenda akadhani baba yuko njiani anakuja. Kadhalika “ill” na “sick”: mgonjwa ni “ill” baada ya kitendo, bali mbele ya jina aghalabu ni “a sick man”.

Swali la nne ni la mtenda na mtendwa. Vijana wengi huandika “I am boring”, wakitaka kusema wamechoshwa na somo. Hapa Kiswahili chatupa msaada mkubwa, nami nashangaa kwamba vitabu vyetu havikuutumia. Sisi twatofautisha vizuri kuchoka na kuchosha, kupendeza na kupendezwa. Basi mwambie mtoto: “boring” ni kinachochosha, “bored” ni aliyechoshwa, “interesting” ni kinachopendeza, “interested” ni aliyependezwa. Nilipoanza kufundisha hivyo, kosa lililokuwa likinisumbua muhula mzima lilipungua katika siku chache. Sikuleta kanuni mpya. Nilimrudisha mtoto nyumbani kwake, akaiona ya zamani.

Yapo pia maneno yanayofanana sura, nayo yataka uangalifu mwingine. Vita vya Tanga vya Novemba 1914 ni tukio “historic”, kwa kuwa lina uzito katika historia. Kitabu kinachosimulia habari za vita hivyo ni “historical”, kwa kuwa kinahusu historia, hata kikiwa kitabu hafifu. Mambo ya uchumi wa nchi ni “economic”. Mama asiyepoteza hata kibaba cha unga ni “economical”. Hapa pia tutajie jina, na tofauti itaonekana.

Mtu ataweza kuniuliza, je, jambo hili lastahili maneno mengi namna hii? Nami nasema lastahili. Katika Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili miaka yake yote. Kisha siku moja aingia kidato cha kwanza, na masomo karibu yote yageuka kuwa Kiingereza. Tangu siku hiyo ajibu kwa lugha ile, na baadaye aombe kazi kwa lugha ile, naye apimwe kwa maneno yake. Akili anayo, hukumu anayo, mwerevu na mjanja, maskini na fukara, anavijua kuliko wengi wetu. Akiandika sifa isiyofaa, msomaji hasemi, “Kijana huyu amepewa kamusi isiyomfaa.” Asema, “Kijana huyu hana akili.” Na hiyo, wasomaji wapenzi, ni hukumu ya uongo, nasi walimu tu washiriki wake tukiendelea kuandika ubaoni “-refu ni long”, kisha tukafuta ubao tukaenda zetu.

Basi nashauri haya. Kwanza, mwalimu asiandike ubaoni sifa ya Kiingereza bila jina lake: si “deep”, bali “a deep well”. Pili, daftari la msamiati la kila mwanafunzi lianze na sifa ya Kiswahili juu ya ukurasa, na chini yake majirani zake, kila mmoja na Kiingereza chake, na nafasi iachwe kwa wale watakaopatikana baadaye. Tatu, mwalimu akisahihisha asitosheke kwamba sentensi ni safi, amwulize mwandishi, “Ulitaka kusema nini?” Nne, na hili ni kubwa kuliko nguvu za mtu mmoja, itungwe kamusi ya mwandishi, itakayomwanza Mswahili mahali alipo. Walimu wa Pangani, wa Muheza, wa Korogwe na kwingineko bila shaka wamekusanya makosa kama haya niliyoyataja. Na wayalete katika kurasa hizi, pamoja na sentensi nzima ambamo yalipatikana, ili wengine wapate faida.

Mjomba wangu hakunikasirikia siku ile. Alipoelewa mambo yalivyokuwa, aliniita kwenye sanduku lake la kazi, akanionyesha tezo, randa na patasi. “Zote zakata mti,” akasema, “lakini ukichonga tundu la kitasa kwa tezo, mlango umekwenda.” Sikupata kusikia mwalimu aliyenieleza jambo hili vizuri kuliko yeye, naye Kiingereza hakukijua hata neno.